Wake wa Wasiojulikana Waliko

Mwaka 2008 nilipopelekwa miteremko ya Mlima Elgon kama mfanyakazi wa ustawi wa jamii, kazi yetu ilikuwa ya orodha: nani apewe blanketi, nani mahindi, nani mafuta ya kupikia. Kundi la wapiganaji la SLDF lilikuwa limewahangaisha watu tangu 2006 kwa ugomvi wa mashamba ya Chebyuk. Machi 2008 jeshi likaja na Operesheni Okoa Maisha, na wanaume wengi wakasombwa kupelekwa kambi ya Kapkota. Kuna waliorudi na makovu, na kuna ambao hawakuonekana tena. Foleni zetu zilijaa wanawake.

Hakuna aliyesema ana huzuni. Kichwa kinauma, walisema. Moyo unapiga mbio, usingizi hauji, mgongo unawaka. Zahanati iliwapa Panadol, na wiki iliyofuata walirudi na kichwa kile kile.

Mama mmoja upande wa Cheptais aliweka picha ya pasipoti ya mumewe pamoja na karatasi za shamba ndani ya mkebe wa mafuta ya Kimbo. Kila nilipomtembelea aliufungua, akazipanga juu ya meza, akazirudisha. Hakuwa mjane, maana hakukuwa na maiti. Hakuwa na mume pia. Shemeji zake walishaanza kupima shamba kwa hatua. Kila ofisi aliyoingia ilimdai cheti cha kifo, na hakuna hospitali ambayo ingeweza kumwandikia. Kuomboleza alikatazwa: ukimlilia mtu aliye hai, walimwambia, unamwita kaburini.

Sheria ya Ushahidi ya Kenya inasema mtu asiposikika kwa miaka saba na wale ambao wangepaswa kupata habari zake, anaweza kudhaniwa amekufa. Miaka saba! Katika miaka hiyo ndipo nilipoielewa kazi hii. Washauri wa Mwatikho, shirika la Bungoma linalohudumia waathiriwa wa mateso, walikaa na watu, wakawaacha waseme yaliyowapata. Sisi tulizunguka na akina mama kwa chifu, kwa wazee wa ukoo, kwenye korido za mahakama. Watu hudhani ushauri nasaha ni jambo moja na karatasi za shamba ni jambo jingine. Kwa yule mama vilikuwa ugonjwa mmoja. Usiku aliota anafukuzwa, na mchana alifukuzwa kweli. Mahakama ilipotoa amri kwamba mumewe adhaniwe amekufa, familia iliketi, ikamwombea marehemu, naye akalia mbele ya watu. Miezi michache baadaye aliniambia analala hadi jogoo wa pili.

Baadaye nilihamia Kitale, kaunti ya Trans-Nzoia. Huku hapakuwa na vita, lakini mzigo ulikuwepo. Trans-Nzoia hulisha nchi mahindi, na mwanamke ndiye anayepanda, anayepalilia na anayevuna. Gunia likishapimwa, pesa huingia mfuko usio wake. Wasichana wenye mimba, mama waliojifungua juzi, wote walikuwa na mawazo na hapakuwa na pa kuyapeleka.

Kilichobadilisha mambo hapa ni chama. Mradi wa AMPATH, unaounganisha Chuo Kikuu cha Moi, hospitali yake ya rufaa na vyuo vya Marekani, ulianzisha Chama cha MamaToto mwaka 2012 kule Busia, na kufikia 2017 ulikuwa umefika kwetu. Wajawazito hukutana wakiongozwa na mhudumu wa afya wa kijijini, hufundishana kuhusu uzazi na ugomvi wa nyumbani, halafu huweka akiba na kukopeshana. Wengine waliona pesa kama chambo tu. Mimi naona ndiyo mlango wenyewe. Mume ambaye angemzuia mkewe kwenda kueleza shida zake kwa mgeni hawezi kumzuia kwenda kuchukua mkopo wa karo.

Katika kikundi kimoja karibu na Kiminini, mweka hazina ndiye aliyenivuta kando. "Dada, huyu hataki kumshika mtoto wake." Zamani wangesema amerogwa, au ni mvivu. Tulimpeleka hospitali juma lile lile, mama mkwe wake akiwa amembeba mtoto.

Jambo moja lilibaki gumu zaidi. Kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai chini ya kifungu cha 226 cha Kanuni za Adhabu, hivyo familia zilificha, na daktari akadanganywa. Tarehe 9 Januari 2025 Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alitamka kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Nilisoma habari hiyo nikawapigia simu viongozi wa vikundi, mmoja baada ya mwingine, ili waipeleke majumbani.

Wahudumu wa afya wa jamii sasa wana mikoba yenye mashine za presha na sukari, waliyogawiwa tangu 2023. Lakini maafisa wa ustawi wa jamii bado ni wachache mno kwa wadi zilivyo pana, na kaunti za Bungoma na Trans-Nzoia zinapaswa kuajiri zaidi. Kikundi cha Kiminini hakikungoja. Mfuko wao wa dharura, uliokuwa wa matanga na moto, sasa hulipa pia nauli ya mwanachama anayerudi kliniki kuchukua dawa.