Mzani wa Kumi na Saba

Mwaka wa 2017 nilikuwa nikiandaa tasnifu ya uzamili kuhusu mashairi ya bibi mmoja wa pwani, malenga asiyejua kusoma wala kuandika. Yeye alighani, mimi nilirekodi, kisha nikanukuu. Kila mshororo wake ulikuwa na mizani 16: 8 ya ukwapi na 8 ya utao. Nilipochoka kuhesabu kwa vidole, nilijiandikia programu-jalizi ndogo ndani ya kihariri matini cha Sublime Text 2. Kazi yake ilikuwa kuhesabu mizani na kuutia wekundu kila mshororo uliokiuka. Haikuona hata mmoja. Nami, kwa fahari, nikaandika kwamba malenga huyu hutumia inkisari kwa nadra mno.

Wiki tatu kabla ya kuwasilisha tasnifu, nilihamia toleo la 3. Programu-jalizi yangu ikawa bubu. Nilifungua dirisha la ripoti za makosa na kubaini chanzo: toleo la 2 liliendesha programu-jalizi kwa Python 2.6, ilhali la 3 lilitumia Python 3.3. Katika Python 3, amri ya kuchapisha maandishi haikubaliki pasipo mabano. Nikayatia mabano, ikasema tena.

Lahaula! Mishororo 9 ikawa myekundu. Nililishutumu toleo jipya, nikakaribia kurejea la zamani. Hata hivyo, wahenga walinena kuwa mchagua jembe si mkulima. Nilirudi kwenye vidole vyangu. Kila mshororo mwekundu ulikuwa na mizani 17.

Kosa lilikuwa langu tangu awali. Niliiagiza programu igawanye jumla ya mizani kwa 2, kisha ilinganishe jibu na 8. Katika Python 2, namba kamili 17 ikigawanywa kwa 2 hutoa 8, na nusu hutupwa. Katika Python 3 hutoa 8.5. Basi mzani wa kumi na saba ulikuwa ukipita mlangoni miezi yote hiyo bila kuulizwa.

Nilizisikiliza kanda upya. Bibi alighani "mwanangu"; mimi niliandika "mwana wangu". Alighani "sendi"; nikaandika "siendi". Inkisari zilikuwepo. Mimi ndimi niliyezirefusha, kisha nikamsingizia mwenyewe kwamba hazitumii. Nilisahihisha mishororo yote na kuifuta ile sentensi ya fahari.

Tangu siku hiyo, kila nibadilishapo toleo la chombo chochote, kwanza hukipa mishororo michache niliyoihesabu mwenyewe, mizima na mibovu, nione kitasema nini.

Nilipomsimulia bibi mkasa huu, alinitazama kwa muda, kisha akauliza: "Mjukuu wangu, hiyo mashine ilikuwa ikihesabu. Masikio yako wewe yalikuwa wapi?"