Kiunzi na Viungo Vyake

Nyumba ambayo kila boriti imepigiliwa katika kila boriti nyingine hujionyesha imara. Lakini siku mchwa akiila boriti moja, mwenyewe hana budi kuibomoa yote. Ndivyo zilivyo programu nyingi za kompyuta, msomaji, na ndivyo zilivyo kazi nyingi za watu.

Mwaka 2003 Emil Ivov, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Strasbourg, Ufaransa, alianza kuunda programu ya kuzungumzia katika intaneti kwa sauti na kwa maandishi. Iliitwa SIP Communicator. Mwaka 2011 ikapewa jina la Jitsi, neno la Kibulgaria lenye maana ya nyaya. Ilikuwa programu huria: kila mtu aliruhusiwa kuisoma, kuitumia na kuirekebisha. Siku zile kampuni za ujumbe zilikuwa kama miji yenye kuta, na kila mji ulikuwa na itifaki yake, yaani kanuni zake za mazungumzo. Jitsi ilikusudia kuingia katika miji mingi kwa mlango mmoja.

Waundaji wake walichagua kuijenga juu ya kiunzi kiitwacho OSGi. Katika kiunzi hicho kila kazi hufanywa na programu-jalizi yake: hii ya SIP, hii ya ICQ, hii ya kuonyesha madirisha. Kila jalizi hutangaza huduma iwezayo kutoa, na jalizi nyingine huiomba huduma hiyo bila kuuliza inatendwaje ndani. Moja yaweza kuondolewa na nyingine kutiwa, programu ikiendelea na kazi.

Sisemi kwamba njia hii haina gharama. Mgeni hulazimika kujifunza desturi za kiunzi kabla ya kuandika mstari wowote wa maana. Lakini tazama yaliyofuata. MSN Messenger ilifungwa katika nchi nyingi mwaka 2013, AIM mwaka 2017, Yahoo Messenger mwaka 2018, na ICQ mwaka 2024. Programu iliyofunga maisha yake na mji mmoja hufa siku mji huo unapokufa. Iliyoundwa kwa viungo hupoteza kiungo ikabaki hai.

Mimi ni mwalimu, na jambo hili lanigusa kwa sababu nyingine. Kila mwaka husikia wanafunzi wakisema kwamba kazi za namna hii ni za mabingwa wa nchi za mbali. Kiunzi chema chawakanusha. Kijana wa Garissa au wa Kisumu hahitaji kuijua nyumba nzima ili atengeneze mlango mmoja. Yamtosha kuijua itifaki moja, na kuzishika ahadi ambazo viungo vyote vimeahidiana.

Basi, msomaji, utakapoanzisha kazi na wenzako, patanani kwanza juu ya maungio. Atakayekuja nyuma yenu apate mahali pa kutia mkono wake, na atakayeondoka asiondoke na nyumba.