Pini ya Nne

Sisi waandishi tunapenda kusifu ukimya. Wangu mimi unategemea pini nne kwenye mazabodi ya kompyuta ya mezani.

Hapo ndipo inapochomekwa feni ya prosesa. Pini moja ni ya ethi, ya pili inaleta volti 12, ya tatu inarudisha taarifa ya mwendo: mapigo mawili kwa kila mzunguko. Ya nne ndiyo inayoamrisha. Hutuma ishara ya kuwaka na kuzima, kama mara 25,000 kwa sekunde. Muda wa kuwaka ukizidi, feni nayo inakimbia zaidi. Feni ya pini tatu haina waya huo, yenyewe hutulizwa kwa kushushiwa volti.

Ndani ya BIOS kuna mstari unaounganisha joto na mwendo. Wangu ulikuwa unaikimbiza feni mapema mno kwa chumba cha Dar, ambako hewa yenyewe hufika nyuzi 30. Na feni, ijitahidi vipi, haiwezi kuipoza prosesa ikawa baridi kuliko hewa inayoivuta. Basi nikausogeza mstari kidogo kidogo, jicho kwenye joto. Kuizima kabisa, hapana. Prosesa nayo inataka kupumua.

Nilikuwa nanukuu rekodi ya marehemu bibi, mwenye sauti ya chini. Feni ilipotulia, nikamsikia akivuta pumzi kabla ya kutaja jina la kaka yake aliyepotelea baharini. Kwenye daftari, pumzi ile nimeiachia mstari mtupu.