Maharage ya Bwalo

Katika miaka yangu ya ualimu hakuna chakula kilichotukanwa kama maharage ya bwalo. Walimu nasi hatukuwa nyuma: mtu akipanda cheo, nyama huja mezani na maharage huachiwa wanafunzi.

Mdogo wangu aliufuata mtindo huo hasa. Alifariki mwaka 2019 kwa saratani ya utumbo mpana. Sidai kwamba nyama ndiyo iliyomuua. Saratani haina sababu moja, na wala maharage pia huipata. Ila tangu msiba ule nimesoma mengi kuhusu utumbo.

Maganda ya maharage, pamoja na sehemu ya wanga wake, hayasagiki katika tumbo wala utumbo mwembamba. Hufika utumbo mpana, na huko bakteria huyachachusha kama pombe inavyochachuka mtungini. Ile gesi tunayoichekea ni alama ya kazi hiyo. Zao lake la thamani ni asidi iitwayo butireti. Chembe za ukuta wa utumbo mpana hupata humo sehemu kubwa ya nguvu zake. Lakini katika maabara asidi hiyo hiyo huzuia chembe za saratani kugawanyika, hata huzifanya zife. Hulisha wazima na kuwabana waasi. Sikupata kiranja wa namna hiyo.

Denis Burkitt, mpasuaji wa Ireland aliyefika Uganda mwaka 1946, aliona kuwa ugonjwa huu ni adimu kwa wanavijiji wanaokula nyuzinyuzi nyingi. Mwaka 2015 likatangazwa jaribio lililonishangaza: Wamarekani Weusi 20 na wanavijiji 20 wa Afrika Kusini walibadilishana vyakula kwa wiki 2. Wamarekani walipotoka gramu 14 za nyuzinyuzi kwa siku hadi 55, butireti yao iliongezeka na dalili za hatari utumboni zikapungua. Kwa wenzao mambo yaligeuka kinyume. Wiki 2 tu! Muda huo hauwezi kuonyesha nani atapata saratani, lakini unatosha kuonyesha utumbo unavyoitikia sahani.

Shemeji yangu amerudisha maharage nyumbani, na wanawe wananung'unika. Juzi mkubwa wao akaniuliza, “Baba mkubwa, kama yanakinga, tuna haja gani ya kupimwa?” Nikamwambia kwamba kinga si ngome, na kwamba baba yake aliona damu chooni kwa miezi 7, akaiita bawasiri, akanyamaza. Wiki ijayo ninampeleka hospitali mwenyewe.