Sola Vijijini Kenya: Safari ya Kutoka Betri ya Gari

Katika miaka ya 1980, sola vijijini Kenya ilikuwa kitu cha misheni, zahanati na shule chache za harambee. Muongo uliofuata ikafika majumbani. Mwandishi wa makala haya, aliyelelewa Ukambani, anamkumbuka jirani aliyefunga paneli juu ya bati na kuiunganisha na betri ya gari. Jioni watoto walijazana sebuleni mwake kutazama runinga, kisha wakarudi kwao kusoma kwa koroboi.

Walimu na wakulima wa chai walijinunulia paneli kwa pesa taslimu. Asiye na mshahara wala mazao ya kuuza aliendelea na mafuta ya taa. Isitoshe, bidhaa hazikupimwa: paneli nyingine zilififia upesi, na habari ya hasara ya mtu mmoja iliwatisha wengi.

Mambo yaligeuka serikali, wafadhili na kampuni zilipogawana kazi. Mwaka 2007 M-Pesa, huduma ya kutuma na kulipa pesa kwa simu, ilizinduliwa, baada ya Vodafone na serikali ya Uingereza kuchangia gharama za majaribio yake. Mpango wa Lighting Africa wa Benki ya Dunia ukaifanya Kenya, pamoja na Ghana, nchi ya majaribio. Taa zikaanza kupimwa maabara kabla ya kusifiwa sokoni. Mwaka 2011 kiwanda cha paneli kilifunguliwa Naivasha kwa ubia wa kampuni za Uholanzi na Kenya.

Kisha, mwaka 2012, ikaja M-KOPA, kampuni ya kuuza sola kwa malipo ya polepole. Mteja alitoa arbuni, akapeleka mtambo nyumbani, akalipa Sh40 kwa siku kupitia simu kwa takriban mwaka mmoja. Asipolipa, taa zilizimwa kutoka mbali; alipomaliza, mtambo ukawa wake. Mama muuza mboga, ambaye benki isingemsikiliza, sasa aliweza kununua sola kwa fedha zilezile za mafuta ya taa.

Serikali nayo ilijenga, kwa mkopo wa China, kituo cha sola cha Garissa, cha megawati 50, kilichozinduliwa Desemba 2019.

Lakini mwaka 2020 kodi ya VAT ilirudishwa kwenye vifaa vya sola, ikaondolewa tena mwaka uliofuata. Kuyumba huko humuumiza mnunuzi wa mwisho. Bunge liache msamaha huo wa kodi udumu, na wakaguzi wa ubora wasilegeze kamba: bado zipo nyumba zinazosoma kwa koroboi.