Mji wa Jumatano na Timu Yake

Mpenzi msomaji, kama umewahi kuahidiwa fungate ya pili ukajikuta umekaa uwanja wa mpira, basi wewe na mimi ni ndugu.

Mume wangu alikuwa na kozi ya wiki tatu Vienna, Austria. Mimi nikaomba likizo, nikavunja kibubu, nikamfuata wiki ya mwisho. Kichwani nilikuwa na picha zangu: makasri, maduka, chakula cha usiku kando ya mto. Jumamosi asubuhi mwenzangu ananiambia, "Mama Koku, leo twende Slovakia. Kuna timu nataka ukaione." Nikamwangalia tu. Mwanaume ambaye Dar ananiacha sebuleni kila Yanga wakicheza, sasa mpira wake umenifuata mpaka Ulaya!

Ukweli ni kwamba siku zile hatukuwa tunaongea vizuri. Ugomvi wetu ulikuwa mdogo kwa macho ya watu, mkubwa kwetu. Yeye Mhaya, mimi Mnyakyusa niliyekulia Temeke. Binti yetu ana miaka minne, anaongea Kiswahili na Kiingereza cha shule. Bibi yake akipiga simu kutoka Bukoba, mtoto anajificha nyuma ya kochi kwa sababu haelewi kitu. Baba Koku alitaka afundishwe Kihaya. Mimi nikasema Kiswahili kinatosha, ndicho kilichotukutanisha, tusimchanganye mtoto. Akanijibu kwa sauti ya chini, "Basi mwanangu ni mgeni kwa mama yangu." Tangu siku hiyo ilikuwa salamu na "chakula kipo mezani".

Kwa hiyo nilipanda lile treni kwa shingo upande.

Mji wenye majina mawili

Kutoka Vienna hadi Bratislava, mji mkuu wa Slovakia, ni kama saa moja. Pale tukabadilisha, tukapanda treni ya kwenda Komárno. Nje ni tambarare tupu, mahindi na alizeti mpaka macho yanachoka. Eneo hilo ni kisiwa kikubwa, kimezungukwa na mto Danube na tawi lake. Waslovakia wanakiita Žitný ostrov, Wahungaria wanakiita Csallóköz.

Tukashuka Dunajská Streda. Kibao cha kituo kina jina la pili pia: Dunaszerdahely. Baba Koku akanieleza kuwa "streda" kwa Kislovakia ni Jumatano, na "szerda" kwa Kihungaria ni hiyo hiyo Jumatano. Zamani soko lilikuwa linafanyika siku hiyo. Nikacheka, mara ya kwanza tangu wiki ianze. Mji mzima unaitwa Jumatano!

Ni mji mdogo, wakazi elfu 23 hivi. Tulitembea katikati yake kwa mguu bila kuchoka. Kuna uwanja wa wazi wenye jina la Ármin Vámbéry, msafiri na msomi wa lugha za Mashariki aliyekulia hapa. Kuna nyumba za mapaa yenye mikunjo kama kofia, na kuna jumba la kale la rangi ya njano ambalo sasa ni makumbusho. Kabla ya Vita Kuu ya Pili, Wayahudi walikuwa sehemu kubwa ya mji huu. Mwaka 1944 walikusanywa wakapelekwa Auschwitz, na wengi hawakurudi. Jambo kama hilo hulitegemei ukiwa umeshika aiskrimu mkononi. Tulisimama kimya kidogo, kisha tukaendelea.

Nilichokigundua haraka ni lugha. Tuko Slovakia, lakini dukani, mgahawani, watoto barabarani, wote wanaongea Kihungaria. Zaidi ya theluthi mbili ya watu wa mji huu ni Wahungaria. Katika nchi nzima ni kama asilimia 8 tu.

Nchi nne, nyumba moja

Huku kuna kisa kinachosimuliwa sana. Babu mmoja alizaliwa Austria-Hungaria, akasoma Chekoslovakia, akaoa Hungaria, akazeeka Chekoslovakia, akafia Slovakia. Anaulizwa, "Babu, umesafiri sana?" Anajibu, "Mimi sijawahi kutoka kijijini kwangu."

Ni mzaha, lakini tarehe zake ni za kweli. Mpaka 1918 eneo hili lilikuwa chini ya Hungaria ndani ya dola ya Austria-Hungaria. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza likaingia Chekoslovakia, na mkataba wa Trianon wa 1920 ukaweka muhuri. Mwaka 1938 likarudishwa Hungaria. Mwaka 1945 likarudi Chekoslovakia. Januari 1, 1993 Chekoslovakia ikagawanyika, na mji ukaamka ukiwa Slovakia.

Kipindi kigumu kuliko vyote ni 1945 hadi 1948. Wahungaria wa Chekoslovakia walinyang'anywa uraia, shule zao zikafungwa, maelfu wakahamishwa kwa nguvu. Hebu fikiria: mtoto anarudi nyumbani, na lugha anayoongea na mama yake haina darasa popote nchini.

Sasa njoo kwenye timu. Klabu ya DAC ilianzishwa mwaka 1904. Yanga ni ya 1935 na Simba ya 1936, kwa hiyo hao ni wadogo zake kabisa. Wakati DAC inazaliwa, nchi iitwayo Chekoslovakia haikuwepo kwenye ramani. Nchi hiyo ikaja ikaondoka, DAC ikabaki. Ndiyo maana mume wangu alitaka nione. Alikuwa ameisoma habari hii kwenye simu usiku, wakati mimi nimempa mgongo.

Bayern walipokuja

Uwanjani tulifika saa moja na nusu kabla ya mechi. Watu wamevaa njano na bluu, bibi na babu, wanandoa na vigari vya watoto. Baba Koku akanunua skafu mbili. Mimi nikanunua langoš, unga uliokandwa ukakaangwa kwenye mafuta, unapakwa kitunguu saumu na kunyunyiziwa jibini. Kwa lugha ya nyumbani, ni andazi bapa lililokwenda shule. Karibu kila mtu alikuwa na pakiti ya mbegu za alizeti, anatafuna na kutema maganda. Ukimaliza mechi, chini ya kiti chako pako kama banda la kuku.

Pembeni yetu alikaa mzee na mjukuu wake wa kike, msichana wa chuo. Mzee anaongea Kihungaria, binti anatutafsiria kwa Kiingereza. Mzee alipojua tumetoka Tanzania, alimpa mume wangu mbegu, akaanza hadithi yake.

Enzi ya dhahabu ya DAC ilianza mwaka 1985 walipopanda ligi kuu ya Chekoslovakia. Chini ya kocha Karol Pecze, mwaka 1987 wakatwaa Kombe la Chekoslovakia kwa kuwafunga Sparta Prague kwa penalti. Hapo ujue Sparta ni vigogo wa mji mkuu, na hawa ni timu ya mji wa soko la Jumatano. Msimu uliofuata wakamaliza ligi wakiwa wa 3.

Hiyo ikawapeleka Kombe la UEFA msimu wa 1988/89. Raundi ya kwanza walifungwa 2-0 na Öster kule Sweden, wakarudi nyumbani wakawapiga 6-0. Raundi ya pili wakapangwa na nani? Bayern Munich. Walifungwa 3-1 Ujerumani na 2-0 nyumbani. Lakini mzee hakusimulia kama mtu aliyefungwa. Alinyoosha kidole uwanjani akasema kitu, binti akacheka akatafsiri: "Anasema Bayern walikuja hapa. Hapa! Wewe unauliza matokeo?"

Baada ya hapo mambo yakayumba. Nchi ikagawanyika, pesa zikakauka, timu ikawa inashuka na kupanda. Mwaka 2008 iliungana na klabu ya Senec ndipo ikarudi ligi kuu. Novemba 1 mwaka huo huo walipocheza na Slovan Bratislava, polisi waliingia jukwaani kwa virungu na mashabiki wengi wakaumizwa, wakiwemo waliotoka Hungaria. Likawa jambo la serikali mbili, mpaka mawaziri wakuu wa Slovakia na Hungaria wakakutana. Mwaka 2012 timu ikashuka tena, 2013 ikapanda.

Mwaka 2014 mfanyabiashara Oszkár Világi, mzaliwa wa hapo hapo mjini, akaichukua. Uwanja wa zamani ukavunjwa jukwaa baada ya jukwaa, ukajengwa MOL Arena unaoingiza watu zaidi ya elfu 12. Hesabu mwenyewe: zaidi ya nusu ya mji. Timu imeshika nafasi ya 2 mara kadhaa, ukiwemo msimu wa 2018/19 na wa 2020/21, ila mpaka mwisho wa msimu wa 2024/25 ubingwa wa Slovakia ulikuwa bado unawapita. Na si kila Mslovakia anawapenda. Pesa za serikali ya Hungaria zilisaidia shule yao ya vipaji, na wapo wanaoona hiyo ni siasa iliyovaa jezi. Sijui kama nami ningekuwa Mslovakia ningelichukuliaje.

Wimbo

Dakika chache kabla ya mpira kuanza, kelele zikakoma. Watu wote wakasimama, skafu juu. Ukaanza wimbo uitwao Nélküled, yaani Bila Wewe, wa bendi ya Hungaria iitwayo Ismerős Arcok. Si wimbo wa klabu wala si wa taifa. Ni wimbo taratibu, unaohusu watu waliotenganishwa, na mashabiki hawa wameuchukua wakaufanya wao.

Mwenzenu sijui neno moja la Kihungaria, lakini nilipata ubaridi mgongoni. Yule mzee alikuwa anaimba amefumba macho. Mjukuu wake anaimba neno kwa neno, mkono mmoja ameshika skafu, mwingine ameshika mkono wa babu.

Wimbo ulipoisha nikamuuliza yule binti, lugha hii mnaitunzaje? Nilidhani ataniambia shule, sheria, vitabu. Akasema shule zipo, na Kislovakia anakijua vizuri, anasomea Bratislava kwa Kislovakia. "Lakini shuleni Kihungaria ni somo," akasema. "Hapa ni raha. Babu alianza kunileta nikiwa na miaka mitano."

Nikageuka kumwangalia baba Koku. Hakuniangalia, alikuwa anatazama uwanja, ila niliona koo lake linapanda na kushuka. Namjua mume wangu. Alikuwa anamuwaza mama yake.

Mpira ukachezwa, ukaisha sare. Kwenye jezi za njano na bluu walikuwemo wachezaji wa mataifa mbalimbali, na hakuna aliyewauliza lugha ya mama zao. Mzee akatuaga kwa kutufundisha kusema "Hajrá DAC!", yaani songa mbele DAC.

Jumatano ya nyumbani

Kwenye treni ya kurudi ndipo tulipoongea. Nilimwambia ukweli ambao sikuwahi kuusema, hata kwangu mwenyewe. Sikuwa naogopa mtoto kuchanganyikiwa. Nilikuwa naona aibu. Kihaya akifundishwa, ataniuliza, "Mama, na wewe lugha yenu ni ipi?" Nami Kinyakyusa changu kinaishia kwenye salamu. Wazazi wangu walitaka tuongee Kiswahili kizuri tufaulu shule, tukafaulu, lakini tukienda Tukuyu msibani mimi ndiye nakaa jikoni nikitabasamu tu.

Baba Koku hakunicheka. Akasema, "Kumbe tungeweza kujifunza wote." Kisha akaongeza, "Iwe Jumatano."

Ndivyo ilivyo sasa. Jumatano jioni kwetu ni siku ya bibi. Wiki moja tunapiga Bukoba, wiki nyingine Tukuyu. Hakuna kufundisha wala kusahihisha, ni hadithi, vichekesho na majina ya vyakula. Koku anazomea lafudhi yangu na anatoka nyuma ya kochi mwenyewe. Mara ya kwanza nilipompigia mama yangu nikamwambia "Ugonile," alikaa kimya mpaka nikadhani mtandao umekata. Kumbe alikuwa anafuta machozi.

Wanandoa wenzangu, kila nyumba ina lake. Labda lenu si lugha, ni dini, ni ukwe, ni namna ya kusherehekea. Ninachoweza kusema ni kwamba kile ambacho mwenzako anaogopa kukipoteza, usikipime kwa ukubwa wake machoni pako. Kitafutieni siku, na siku hiyo iwe ya raha.

Ukitaka kwenda: Slovakia inatumia viza ya Schengen na pesa yake ni euro. Dunajská Streda ni kama saa moja kwa treni kutoka Bratislava, kwa hiyo unaweza kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Beba nguo ya kuogelea, maana mji una mabwawa ya maji ya moto yanayotoka ardhini, na ninyi wawili mtayahitaji baada ya kelele za uwanjani. Ratiba ya ligi iangalie mapema. Na skafu nunueni mbili.