Nyimbo za kwaya ndani ya kompyuta ya Mwalimu

GOMA – Siku ya kugawa chakula kambini, familia isiyo na jetoni inaweza kusimama kwenye mstari tangu asubuhi na isiitwe. Iko pale, kila mtu anaiona, lakini kwenye karatasi haipo. Nyimbo nyingi zilizo ndani ya kompyuta za nyumbani hapa mjini ziko hivyo. Zimejaza nafasi, lakini siku zinapotafutwa hazipatikani, kwa sababu moja inaitwa "Track 01", nyingine "Wimbo mpya (3)", nyingine AUD-20230412-WA0007.

Jina hilo la mwisho wengi wanaliona kila siku bila kulisoma. Ni WhatsApp inayolitoa: mwaka, mwezi, siku, kisha nambari. Tarehe hiyo ni ya siku wimbo ulipopita ndani ya WhatsApp. Siku ulipoimbwa haionyeshwi. Wimbo ulioimbwa Pasaka ya 2016, ukitumwa leo, unapata tarehe ya leo. Anayeiamini atapotea njia.

Katika nyumba moja ya mtaa wa Himbi, jambo hili lilileta maneno kati ya ndugu wawili. Mdogo ni mwalimu wa sekondari, mwenye kompyuta ya mezani aliyoinunua ikiwa imeshatumika. Mkubwa ni mama aliyekuwa kiongozi wa kwaya ya parokia katika teritware ya Rutshuru. Alikimbia vita mwaka 2022, akaishi Kanyaruchinya chini ya hema. Kambi za kandokando ya Goma zilipobomolewa mwezi wa pili 2025, alikuja kukaa kwa mdogo wake. Yeye anamwita Mwalimu. Mwalimu anamwita Yaya.

Mama huyo alifika na simu yenye kioo kilichovunjika. Simu ilikuwa imekufa, lakini kadi memori yake ilikuwa nzima. Ndani yake mlikuwa na faili 61: misa, harusi, mazoezi ya Jumamosi, na sauti ya msichana aliyekuwa akianzisha nyimbo. Msichana huyo alifariki kambini. Wakati wa matanga yake wenzake walitaka kusikiliza wimbo wake mmoja. Walifungua faili moja baada ya nyingine, hii siyo, hii siyo, mpaka moto wa simu ukaisha. Wakamzika bila kuusikia.

Ndiyo maana Mwalimu alianza kazi hiyo, usiku kwa usiku, kila umeme uliporudi.

Hatua ya kwanza haikuwa kupanga. Ilikuwa kunakili. Kadi memori iliyozeeka inaweza kukataa wakati wowote, na kila kufuta na kuandika upya kunaichosha. Alihamisha nakala za faili zote 61 kwenye kompyuta, akahakikisha idadi ni ileile, akafungua chache kusikia kama zinalia, kisha akaitoa kadi na kuifunga ndani ya bahasha. Tangu siku ile kadi haikuguswa tena. Kazi yote ilifanyika juu ya nakala.

Hatua ya pili ilikuwa folda. Hapo ndipo ndugu hao walitofautiana mara ya kwanza. Mwalimu alitaka kupanga kwa alfabeti, kama daftari la wanafunzi. Mama alikataa, akasema hakuna anayekumbuka wimbo kwa herufi. Watu wanakumbuka sikukuu: huu tuliimba Krismasi, huu siku ya kumpokea askofu, huu kwenye harusi ya fulani. Mwishowe folda zikafuata kumbukumbu: Noeli, Kwaresima, Pasaka, Harusi, Matanga, Mazoezi. Ndani ya kila folda, jina la faili linaanza na mwaka, kisha jina la wimbo, kisha kwaya. Mwaka ukitangulia, kompyuta yenyewe inazipanga kutoka zamani mpaka sasa.

Lakini jina la faili peke yake halitoshi, na wengi hawalijui hili. Faili ya MP3 ina majina mahali pawili. La kwanza ni lile la nje, linaloonekana ndani ya folda. La pili liko ndani ya faili yenyewe, katika lebo zinazoitwa ID3: jina la wimbo, mwimbaji, albamu, mwaka. Redio ya gari, simu au programu ya muziki mara nyingi inasoma zile za ndani. Ndiyo maana mtu anabadilisha jina la nje vizuri, anachomeka flashi kwenye redio, na redio bado inaandika "Msanii hajulikani". Lebo hizo zinaweza kujazwa kwa programu ya bure kama VLC, bila intaneti, kwa kufungua habari za faili na kuandika. Faida yake ni kwamba zinasafiri pamoja na wimbo. Anayeupokea huko mbali anapokea na jina lake.

Kwenye sehemu ya mwimbaji, kazi ilisimama kwa siku kadhaa. Mwalimu alitaka kuandika majina ya waimbaji wote na kijiji chao, ili historia isipotee. Mama alikubali kwa marehemu, maana mama mzazi wa msichana aliruhusu. Kwa walio hai alitaka waulizwe kwanza. Wengine wako Goma, wengine Bukavu, wengine katika kambi ya Nakivale nchini Uganda. Baadhi walijibu kwamba hawataki jina lao wala la kijiji lizunguke kwenye simu za watu wasiowajua. Katika eneo ambalo mtu anaweza kuulizwa umetoka wapi na jibu likamletea shida, hiyo si aibu ya bure. Kwa hiyo kwenye lebo imeandikwa jina la kwaya tu, na majina kamili yako kwenye daftari la karatasi analolitunza mama.

Ugomvi mkubwa ulikuja kwa sababu ya faili mbili zinazofanana. Wimbo ni uleule, kwaya ileile, moja ya dakika 3 na sekunde 40, nyingine ya dakika 3 na sekunde 52.

"Yaya, hizi mbili ni kitu moja. Tufute moja," Mwalimu alisema.

"Hapana. Ile ya pili iko na mutoto anacheka."

Wakaisikiliza tena. Ile ya kwanza ni safi. Kwenye ile ya pili mvua inapiga mabati, mtu anakosea kuingia, kwaya inasimama, na msichana anacheka kabla ya kuanzisha upya. Ni sekunde 12 hivi. Programu za kutafuta nakala zilizorudiwa zipo nyingi, na zinasaidia pale faili zinapokuwa sawa kabisa. Hazijui kicheko ni nini. Mwalimu aliziacha zote mbili.

Kulikuwa pia na swali la ukubwa. Baadhi ya nyimbo zilirekodiwa kama WAV, ambayo kwa kiwango cha CD inakula karibu megabaiti 10 kwa kila dakika. MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde inakula karibu megabaiti 1 tu kwa dakika, na kwa simu ndogo za watu waliokimbia hiyo ndiyo inayofaa. MP3 inapunguza uzito kwa kutupa sauti ambazo sikio halizisikii kwa urahisi. Kilichotupwa hakirudi. Mtu akichukua MP3 nyepesi na kuigeuza kuwa nzito, anapata faili kubwa yenye sauti ileile duni. Kwa hiyo WAV zilibaki kama mama wa nyimbo, na MP3 zikatengenezwa kutoka kwake kwa ajili ya kugawa.

Kijana mmoja wa jirani, aliyekuja kusaidia, alitengeneza orodha nzuri ya nyimbo za Noeli ndani ya VLC, akaihifadhi kama faili ya M3U, akaipeleka kwenye flashi kwa jamaa zake Ndosho. Huko haikulia hata wimbo mmoja. Faili ya M3U ni karatasi ya anwani: inaiambia kompyuta nyimbo ziko wapi, lakini nyimbo zenyewe haimo. Anayetaka kupeleka orodha lazima apeleke na folda ya nyimbo.

Baada ya kupanga ilibaki kulinda. Volkano ya Nyiragongo ililipuka tarehe 17 Januari 2002 na tena tarehe 22 Mei 2021. Mwishoni mwa Januari 2025 vita vikaingia mjini. Kila mara watu walitoka na walichoweza kubeba, na kompyuta ya mezani haibebeki kichwani. Kwa sababu hiyo nakala ziko tatu: moja ndani ya kompyuta, moja kwenye flashi iliyo pamoja na vitambulisho na karatasi za shule, moja kwa ndugu huko Bukavu. Flashi ya gigabaiti 32 inabeba nyimbo maelfu kadhaa za MP3 za kiwango hicho, kwa hiyo kwaya nzima inaenea kwenye mfuko wa shati. Haing'olewi kabla kompyuta haijasema tayari, na wakati wa kunakili mtu anasubiri saa umeme ulipotulia. Ukikatika katikati, faili inaweza kubaki nusu.

Kuna wanaouliza kwa nini kuhangaika hivyo kwa nyimbo za kwaya ya kijijini. Rumba ya Kongo ina walinzi wake: Desemba 2021 UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi wa binadamu, na nyimbo za Franco zinapatikana duniani kote. Hata Mwenda Jean-Bosco wa Katanga, aliyeimba kwa Kiswahili na gitaa lake, anasikika leo kwa sauti yake ya mwaka 1952. Hugh Tracey alimrekodi, akaandika jina lake, akaitunza kazi. Kwaya ya kijiji cha Rutshuru haikumpata Tracey wake. Ina simu moja iliyovunjika, daftari moja, na kompyuta moja Himbi.

Mpaka sasa faili 57 zina jina, mwaka na sikukuu. Wimbo uliokosekana kwenye matanga ulipatikana: ulikuwa umeitwa "Audio 0019". Ulitumwa Nakivale, na mama wa marehemu aliomba utumwe mara ya pili kwenye simu ya mtoto wake mwingine, asije akaupoteza.

Nne zilizobaki ziko kwenye folda inayoitwa "Hazijulikani". Hazifutwi. Jumapili baada ya misa, wanakwaya waliobaki Goma wanapita kwa Mwalimu wawili watatu, wanakaa kwenye mkeka, na mama anaziwasha moja moja. Juma lililopita mmoja alitambua sauti ya ngoma kwenye ya tatu. Alisema ngoma ile anaijua, ila jina la wimbo bado linamkataa. Atamuuliza dada yake aliye Bukavu.